Kipicha Nilichokifunika kwa Ajili ya Mgeni

Kwa miaka mingi mkasa huu nilikuwa nausimulia kana kwamba ulimpata mtu mwingine, jamaa fulani niliyefanya naye kazi Kigali, mtu mwenye wasiwasi sana, maskini, mpaka siku moja dada yangu akanikatiza katikati ya maneno akasema, "Deo, huyo jamaa ni wewe, na kila mtu hapa anajua ni wewe," na watu wote sebuleni wakatikisa vichwa kukubali, hata shemeji yangu ambaye nilidhani amelala. Basi leo nasimulia kwa jina langu. Masikio yaliyopata moto siku ile yalikuwa haya haya, na karatasi ndefu iliyotambaa sakafuni ikapita katikati ya viatu vya wageni ilikuwa na maneno yangu mimi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. (Redio mwaka ule ilikuwa na habari zake nzito, na hizo siwezi kuzitia kwenye utani, hapa nasimulia siku moja tu tuliyocheka.) Mimi ni mtu wa Ngara, upande wa Tanzania, nilikuwa nimetoka chuoni hivi karibuni, nikapata kazi ya majaribio katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Malori yanatoka bandari ya Dar, yanavuka mpaka wa Rusumo, yanafika Kigali, na sisi tunahangaika na karatasi zake mpaka mwenye mzigo aupate. Nilichukuliwa kwa sababu kwenye maombi niliandika kwamba najua kompyuta. Nilikuwa naijua kweli, kwa maana kwamba tulishawahi kukaa pamoja chumba kimoja, mimi na yeye, na wanafunzi wengine wengi wakiwa wamesimama nyuma yangu wakingoja zamu.

Na mjue kabisa mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mkasa haueleweki. Mimi nikiambiwa "tutaonana kesho" nabaki nimesimama najiuliza kwa nini hakusema saa. Nikibisha hodi, nikawa nimebisha kwa nguvu kidogo, nusu ya mazungumzo inanipita nikiwa bado naufikiria ule mlango.

Mkuu wetu aliitwa Bwana Kalisti, sisi tulimwita Patroni, Mnyarwanda mrefu aliyejifunza Kiswahili kwenye biashara ya Bujumbura, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni usafi wa macho. Mezani kwake hakukuwa na kitu, hata kalamu. Kalamu ilikaa mfukoni. Kama kuna tatizo, tatizo lilikaa kwenye droo. Aliyemsaidia katika hilo ni sekretari wetu, Mama Odeta, mama mnene mwenye sauti ya upole na sindano ya kufumia isiyotulia. Mama Odeta alifuma vitambaa vyeupe vya maua, na kitu chochote kilichokaa mahali pamoja kwa muda alikivisha: redio ilikuwa na kitambaa, simu ilikuwa na kitambaa, chupa ya chai, migongo ya viti, vyote vimevaa. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa najitahidi nisikae muda mrefu bila kutikisika.

Kompyuta yetu ilikuwa kwenye ukumbi wa wageni, si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya kuonekana. Pembeni yake, juu ya kimeza chake, ilikaa printa, ile ya zamani inayochapa kwa kugonga utepe kwa sindano, inayovuta karatasi ndefu ya mikunjo yenye vitundu pembeni kutoka kwenye boksi lililo chini. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na kabla ya kuchapa ilikohoa kwanza, ikanguruma, ikasogeza kichwa kushoto na kulia kama mtu anayetafuta miwani, ndiyo maana ofisi nzima tuliiita Mzee. "Mzee ameamka?" "Leo Mzee kagomea karatasi." "Mpeni Mzee utepe mpya." Hilo jina naomba mlishike, maana ndilo lililoniua.

Sasa kuna mgeni. Mgeni alikuwa Mzee Kaijage wa Bukoba, mfanyabiashara wa kahawa mwenye malori yasiyokwisha, na alikuwa anatafuta kampuni moja ya Kigali ya kumtolea mizigo yake. Alikuwa ameshatupa lori moja la kutupima, na sasa anakuja mwenyewe kuamua. Patroni aliniita siku moja kabla, akafunga mlango, akasema taratibu kama mtu anayeagiza chai, "Deo, muda wako wa majaribio umefika mwisho. Mzee akitukubali, unabaki. Akitukataa sitahitaji mtu wa kompyuta, nitahitaji mtu wa kufunga milango na kuzima taa, na huyo tayari ninaye."

Halafu akaenda mpaka kwenye kompyuta, akainama, akaikunjia uso.

"Hivi huku chini ni nini?"

"Ni vipicha, Patroni," nikasema. "Programu ikiwa inafanya kazi lakini umeikunja, inakaa pale chini kama kipicha kidogo. Hii ni saa, hii ya hesabu, na hii ya printa, inatuambia kama kuna kitu kinasubiri kuchapwa, au kama kuna shida. Kukiwa na shida inapepesa."

"Inapepesa mbele ya mgeni?"

"Kama kuna shida, ndiyo."

Akavitazama tena. "Vimekaa kama viatu mlangoni siku ya msiba," akasema. "Kesho sitaki Mzee aone viatu."

Mtu mwingine angevifunika vile vipicha akaenda nyumbani. Mimi nikaanza kufikiri. Je, kipicha kinatakiwa kionekane wakati gani? Kikionekana muda wote, macho yanakizoea, mwisho hukioni hata kikipepesa. Kikionekana wakati wa shida tu, basi kila kikitokea moyo unaruka, na kisipotokea hujui kama mambo ni mazuri au kama chenyewe ndicho kimekufa. Na kisipoonekana kabisa? Hapo unakaa kwa amani, lakini ni amani ya namna gani?

Nilikuwa bado na hayo kichwani wakati dereva wetu, Saidi, kijana wa Nyamirambo asiyemheshimu mtu yeyote isipokuwa mama yake, aliponipa lifti kwenye pikapu ya ofisi mpaka mtaa wa Gitega nilikopanga chumba. Nikamweleza. (Ndiyo, nilimweleza dereva mambo ya vipicha vya kompyuta, njia nzima, huku akipiga honi.) Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanionyesha pale mbele ya usukani, kwenye zile taa za gari, ambapo alikuwa amebandika plasta ya kidonda.

"Unaona hapa, Profesa? Hapa chini iko taa ya oili. Ilikuwa inaniangalia sana. Nikaifumba jicho."

"Na gari?"

"Gari inatembea."

Wallahi nilimwonea wivu. Nilishuka Gitega, nikapita katikati ya wauza nyanya na mama mmoja aliyekuwa anauza mkaa, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshaamua.

Asubuhi nilifika ofisini mapema. Kwanza nililivuta lile dirisha kubwa la kompyuta likajaa kioo chote, likavifunika vipicha vyote vya chini, safi, kama shuka juu ya kitanda kisichotandikwa vizuri. Lakini nikakumbuka kwamba cha printa, kikiwa na shida, kinaweza kujitokeza mbele na ujumbe hata kama kimefunikwa. Nikatafuta kwenye mipangilio, nikakuta nina chaguo tatu: kipige kelele, kipepese tu, au kinyamaze. Kukipigisha kelele mbele ya mgeni haiwezekani. Kupepesa, Patroni ameshasema. Nikachagua kinyamaze. Nilijisikia nimefanya jambo la adabu.

Hapo ndipo siku ilipoharibika, ila mimi nilikuwa sijui, nilikuwa napiga mluzi.

Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa bango. Tulikuwa na programu inayochapa herufi kubwa sana, herufi moja inakula karatasi nzima, zinatoka zikiwa zimeungana, unapata bango refu la kutundika ukutani. Patroni alitaka KARIBU MZEE KAIJAGE. Nikaandika, nikabonyeza chapa, nikageuka kumtazama printa.

Kimya.

Sasa printa siku ile ilikuwa imevaa. Mama Odeta alikuwa ameivisha kitambaa kipya kilichopigwa wanga mpaka kinasimama chenyewe, na juu yake ameweka chombo cha maua ya plastiki. Kwa kawaida Mzee alichapa hata akiwa amevaa, karatasi inatokea nyuma, hana shida. Na nilimsikia ananguruma, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Nikanyosha mkono niinue kitambaa kidogo nione taa zake.

"Deo." Mama Odeta alikuwa mlangoni, na ufagio. "Usiguse kitambara yangu. Nimepiga wanga siku nzima."

"Nataka kuangalia tu, Mama."

"Utaangaria mgeni akifika. Mimi ndiye nitamufungua. Leo hakuna mutu ya kugusa hapa."

Akaenda jikoni kwenye mishikaki. Ningeweza kumwuliza swali moja tu: Mama, umembonyeza Mzee mahali popote? Angenijibu kwamba ndiyo, wakati anamvisha alibonyeza kile kitufe cha pembeni, ili apumzike mpaka mgeni afike. (Alinieleza baadaye, bila hata chembe ya hatia.) Lakini kuuliza ni kukiri kwamba mtu wa kompyuta hajui kwa nini printa haichapi, siku ya mwisho ya majaribio yake. Sikuuliza. Nikaamua kwamba tatizo liko upande wangu.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikafikiri, labda ni refu mno. Nikaandika KARIBU MZEE tu. Kimya. Nikafikiri, labda hata hilo ni refu. Nikaandika MZEE. Kimya kabisa, na maua ya plastiki yananitazama. Hapo uvumilivu ukaniishia, nikaanza kumwandikia printa mwenyewe kama vile anasoma. Nikaandika MZEE UMELALA. Nikabonyeza. Nikaandika AMKA BASI. Nikabonyeza. Nikalitazama lile boksi lake lililojaa karatasi, nikaandika KAZI YAKO KULA TU. Nikabonyeza kwa hasira. Na mwisho kabisa, wakati nasikia gari la Patroni linapaki nje, nikaandika NITAKUFUNGUA TUMBO, nikabonyeza, nikajisikia nafuu kidogo, nikafuta kioo, nikakaa wima.

Mnaelewa kilichokuwa kinatokea? Kompyuta haikukataa hata mara moja. Ilipokea kila kitu, ikapanga foleni vizuri, la kwanza mbele, la mwisho nyuma, na kule chini, nyuma ya lile shuka langu, kipicha cha printa kilikuwa kimejaa habari, kinajua kila kitu, ila mimi nilikuwa nimekiziba mdomo kwa mkono wangu.

Patroni akaingia amevaa suti ya kijivu. Akatazama kioo cha kompyuta. Hakuna kiatu hata kimoja. Akafurahi.

"Bango?"

"Limeshatumwa, Patroni." (Si uongo. Nimeufikiria huo mstari miaka yote hii, na si uongo.)

"Liko wapi?"

"Liko... njiani."

Alinitazama kwa muda, mimi nikaanza kuaga kazi moyoni, halafu uso wake ukafunguka. "Aa. Unataka litoke mbele yake. Aone mashine inavyofanya kazi." Akanipiga begani. "Hiyo ni akili, Deo."

Nikatabasamu. Nikaanza kuomba umeme ukatike.

Umeme haukukatika. Umeme wa Kigali, ambao ulituacha gizani siku zote za maana, siku hiyo ulikaa kama askari.

Mzee Kaijage akafika mchana, mtu mkubwa mzito, mwenye kofia na fimbo, amechoka safari, macho yanafumba yenyewe. Ukumbi ulijaa: wenye maduka wa mtaa ule, mawakala wenzetu waliokuja kutuchungulia, na Saidi aliyeegemea ukuta. Mgeni akakalishwa kwenye kiti kikubwa chenye vitambaa. Akaulizwa anywe soda ya baridi au ya moto, yaani isiyopita kwenye friji, akasema ya moto, chupa ikafunguliwa mbele yake kama inavyotakiwa. Mishikaki ya mbuzi ikaja, na ndizi za kuchoma. Patroni akatoa hotuba ndefu kidogo kuhusu uaminifu. Mwishoni mwa hotuba mgeni alikuwa amefumba macho, mshikaki mkononi, na hakuna aliyejua kama anasikiliza au amesinzia.

"Na sasa," Patroni akasema, "mashine yetu yenyewe itamkaribisha mgeni. Mama Odeta."

Mama Odeta akainuka, akaondoa maua, akakunja kitambaa taratibu mara nne kama mtu wa kanisani, akabonyeza kile kitufe cha pembeni.

Mzee akakohoa. Akanguruma. Akatafuta miwani kushoto na kulia. Halafu akaanza kuchapa.

Ndugu zangu, furaha niliyoipata hapo sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu (mke wangu analijua hili, tumeshalizungumza). K ikatoka. A ikatoka. Saidi, aliyekuwa karibu, akajipa kazi ya kusoma kwa sauti, "K... A... R...", na watu wakaanza kumfuata kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka bango zima likatoka, KARIBU MZEE KAIJAGE, ukumbi ukapiga makofi, mgeni akafungua jicho moja, akasema, "Ahsanteni." Patroni akanitazama kama mtoto wake.

Printa haikusimama.

"K," akasema Saidi. "A."

Likatoka tena lile lile. Watu wakacheka, wakapiga makofi tena. "Mnanikaribisha mara mbili," mgeni akasema, na Patroni akajibu haraka, "Ndiyo desturi yetu, Mzee wangu," ingawa haijawahi kuwa desturi ya mtu yeyote. Likaja KARIBU MZEE, makofi machache. Likaja MZEE peke yake, na hapo hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hata mtu asiyejua kompyuta anajua kwamba kuitwa "mzee" halafu ikaishia hapo si salamu.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani yaliyobaki.

"M," Saidi anasoma. "Z. E. E. Iko nyingine inakuja. U. M. E. L." Akamtazama mgeni, ambaye macho yalikuwa yamefumba tena, akasoma iliyobaki kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitali. "A. L. A."

MZEE UMELALA.

Mgeni akafumbua macho yote mawili.

Nikaruka kwenda kwenye kompyuta. Nilihitaji kitu kimoja tu, kile kipicha cha printa, nikifungue, nifute foleni. Na kipicha hakipo, nimekificha, kile kipanya kinakimbilia kila pembe ya kioo isipokuwa pale ninapotaka, na nyuma yangu nasikia Saidi, ambaye sasa anajua na hawezi kujizuia, "A. M. K. A," na watu wanavuta pumzi. Karatasi ilikuwa imeshashuka kimezani, inatambaa sakafuni, inapita chini ya meza ya soda. Mgeni, kwa kujikaza, akaamua kuendelea kula. Akapeleka mshikaki mdomoni.

"K," akasema Saidi. "A. Z. I."

"Saidi, nyamaza," Patroni akasema.

Saidi akanyamaza, lakini sasa ukumbi mzima ulikuwa umejifunza kusoma. KAZI YAKO KULA TU. Mama mmoja mwenye duka la vitenge alilisoma lote kwa sauti, polepole, kwa lafudhi nzuri, halafu akajishika mdomo. Mgeni alikuwa na nyama shavuni. Hakutafuna tena.

Mama Odeta aliona afanye kile anachokijua: akachukua kitambaa, akamfunika Mzee. Kitambaa kikaingia kwenye roli pamoja na karatasi, printa ikapiga kelele ya kukabwa, wanga ukatoa vumbi, na Mama Odeta akakivuta upande wake huku printa inakivuta upande wake, akimwita Mungu kwa Kinyarwanda, "Mana we, kitambara yangu," na mimi nikaona hakuna lingine, nikapiga magoti nikachomoa waya ukutani.

Kimya. Kimya kile cha kanisani baada ya mtu kuangusha sahani ya sadaka.

Mzee Kaijage akameza. Akaweka mshikaki chini, akajifuta vidole kimoja kimoja. Akasema, "Washa."

"Mzee wangu," Patroni akaanza, "ni hitilafu ndogo ya..."

"Washa. Nataka kujua linaishia wapi."

Nikachomeka waya. Mama Odeta akang'oa kitambaa chake, kimepata tundu katikati. Mzee akakohoa, akatema takataka nusu ukurasa, halafu, kwa utulivu mkubwa, mbele ya watu wote waliosimama kama kwenye sala, akachapa herufi moja moja NITAKUFUNGUA TUMBO. Akanyamaza mwenyewe.

Saidi alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Nani ameandika?" mgeni akauliza.

Hapo nilikuwa na njia nyingi. Kwa kawaida kichwa changu kingezipanga zote na kuzipima moja moja, lakini nadhani kilikuwa kimeungua, kwa sababu nilisikia mdomo wangu unasema, "Mimi, Mzee. Shikamoo." (Nilikuwa nimesahau kumwamkia tangu afike.)

"Marahaba. Sasa nieleze, mwanangu."

Nikaeleza. Nikasema Mzee si yeye, Mzee ni hii printa, tunaiita hivyo kwa sababu inakohoa. Nikasema nilidhani haisikii. Nikaona ananitazama tu, basi nikarudi kwenye kompyuta, nikalipunguza lile dirisha kubwa, na vipicha vyangu vyote vikajitokeza pale chini, saa, hesabu, na cha printa. Nikakifungua, nikamwonyesha foleni ilikokuwa inakaa. Nikasema hiki ndicho kingeniambia tangu asubuhi kwamba printa haijawa tayari, na kwamba maneno yanasubiri, ila nilikinyamazisha.

"Kwa nini?"

Nikamtazama Patroni. Patroni akatazama viatu vyake.

"Ili mgeni aone mahali pasafi," nikasema.

Mzee Kaijage akaitazama ile karatasi iliyozunguka miguu yake. Halafu hakuniuliza mimi tena. Alimgeukia Patroni. "Bwana Kalisti. Lori langu mlilopewa kujaribiwa nalo. Liko wapi?"

Nilimwona Patroni akifungua mdomo, na nikajua jibu alilolitayarisha, maana nililisikia akilifanyia mazoezi ofisini: liko njiani, Mzee wangu, karibu linafika. Akatazama kipicha. Akatazama kitambaa chenye tundu mikononi mwa Mama Odeta. Akakaa chini kwenye kiti, jambo ambalo halifanyiki mgeni akiwa anazungumza, akasema, "Limekwama Rusumo, Mzee. Kuna karatasi moja tulikosea. Nilitaka nikuambie baada ya chakula. Sivyo. Nilitaka nisikuambie."

"Najua liko Rusumo," mgeni akasema. "Mimi nimetoka Bukoba. Unadhani nimepita wapi? Jana nimelala palepale, dereva wangu kanipikia chai. Nimekuja mpaka huku kuona kama utaniambia." Akachukua tena mshikaki wake. "Na mlivyokuwa mnanikaribisha karibisha, nilishaamua kuondoka. Kijana huyu na mashine yake ndio waliofanya nikae."

Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, fimbo ikaanguka, akajaribu kusema "kazi yako kula tu" akashindwa, na mama wa vitenge akaachia kicheko alichokuwa amekibana tangu zamani, na baada ya hapo ukumbi ukawa hauna mtu mzima hata mmoja. Patroni mwenyewe alicheka akiwa ameshika kichwa. Ni mimi tu ambaye sikucheka, nilikuwa bado najiuliza kama kile kicheko ni cha kutukubali au cha kuagana.

Hakutupa malori yote. Alitupa yale ya kahawa, akasema mengine tutazungumza, kwa sharti kwamba lori lake likikwama, hata kwa saa moja, hata kama ni kosa letu, hasa kama ni kosa letu, apigiwe simu siku hiyo hiyo. "Sitaki kutafuta habari za mali yangu chini ya kitambaa," akasema. Alipoondoka alilikunja lile la AMKA BASI akaliweka kwapani, na nasikia alilitundika Bukoba, kwenye chumba wanacholala madereva wake. Yale mengine Mama Odeta aliyatumia jikoni kwa kuwashia mkaa, isipokuwa la tumbo, ambalo Saidi aliliiba, na alilitoa kila nilipokuwa na siku mbaya.

Nilibaki kazini. Patroni hakunipongeza wala hakunigombeza, alisema tu, "Hivyo viatu, viache mlangoni." Tangu siku ile kompyuta yoyote niliyokaa nayo, huko chini ni kama kamba ya nguo siku ya jua, kila kipicha kiko nje, vinavyopepesa na visivyopepesa, na wanaopita wanasema kioo changu ni kichafu, na mimi nasema ndiyo, ni kichafu. Bado najiuliza kama vimezidi. Kwamba vikiwa vingi hivi nitaacha kuviona. Najiuliza kila siku. Lakini sitavifunika tena, hata aje nani.

Saidi naye, wiki ile ile, alibandua plasta yake kwenye pikapu tukiwa njiani, kwa utani tu, nicheke. Taa ya oili ilikuwa inawaka. Tuliitazama wote wawili. Akasema, "Profesa, hii imekuwa inawaka tangu lini?" na tukarudi ofisini kwa miguu.

Na Mama Odeta hakuitupa kazi yake ya mikono. Lile tundu lililotobolewa na printa alilizungushia uzi mwekundu, akalifuma petali pande zote, likawa ua, akamvisha Mzee tena kwa namna ambayo tundu linakaa sawasawa juu ya ile taa yake ndogo ya kijani, inayowaka akiwa tayari kuchapa. Kwa hiyo ukiingia ofisini kwetu ulikuta kitambaa cheupe, safi kabisa, cha wanga, na katikati ya ua moja jekundu kuna moyo wa kijani unaowaka. Ukizimika, hata mgeni angeona.